Faili la Kampuni ni la Nani?

Tarehe 20 ya kila mwezi ni siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani ya VAT ya mwezi uliotangulia, kwa mfanyabiashara wa Tanzania na wa Kenya vilevile. Siku chache kabla ya hapo, ofisi nyingi hukutana na balaa moja. Mhasibu anawasha kompyuta, anafungua programu ya hesabu, anabofya jina la kampuni, na badala ya vitabu vyake kinatokea kisanduku kinachosema faili haliwezi kufikiwa. Pembeni kuna namba: H202, au H505, au mojawapo ya zile za ukoo wa -6000. Mauzo ya mwezi mzima yamo humo, madeni ya wateja yamo humo, mishahara imo humo. Bosi yuko mlangoni anauliza kuna nini. Jibu ni lilelile kila mahali: "Mfumo umegoma, bosi. Tumempigia fundi."

Nimefanya kazi ya hesabu miaka mingi, na nimeingia katika ofisi za watu wa kila namna: maduka ya jumla, shule binafsi, zahanati, mawakala wa forodha. Msimamo niliofikia nitautetea leo bila kuuzungusha. Kosa la kushindwa kufikia faili la kampuni ni jambo la ofisi yenyewe kabla ya kuwa jambo la fundi. Kampuni ambayo ndani yake hakuna anayejua faili la hesabu linakaa kwenye mashine ipi, linafikiwa kwa njia ipi na nakala yake iko wapi, hiyo haimiliki hesabu zake. Imeziacha mikononi mwa yeyote anayejua kuzifungua.

Hofu nyingi hutokana na kutojua kitu kinavyofanya kazi, na hapa hakuna siri yoyote. Programu za mezani zilizozoeleka kwetu, QuickBooks ya Marekani, Tally ya India na Pastel iliyozaliwa Afrika Kusini, zina tabia moja zinapotumiwa na watu wengi. Hesabu zinakaa kwenye mashine moja tu, ile tunayoiita seva hata kama ni kompyuta ya kawaida iliyowekwa chini ya meza ya keshia. Mashine nyingine ofisini zina programu tu. Kila zinapotaka kuona ankara au kuingiza risiti, hupita kwenye mtandao wa ndani kwenda kuuliza kule kwenye seva.

Katika QuickBooks, faili lenyewe lina jina linaloishia na QBW. Tangu toleo la 2006, chini yake kuna injini ya hifadhidata iitwayo SQL Anywhere, na kwenye seva kuna huduma inayokaa macho muda wote ikisikiliza nani anabisha hodi. Pembeni ya faili hilo huwa kuna vifaili viwili ambavyo wengi hawavijali. Kimoja kinaishia na ND, nacho kinahifadhi maelezo ya mtandao, yaani mashine gani inalihudumia faili na inapatikana wapi. Kingine kinaishia na TLG, nacho kinaweka kumbukumbu ya miamala iliyoingizwa tangu bakapu kamili ya mwisho. Tally haina faili moja. Kila kampuni ina folda yake yenye jina la tarakimu, na kwa leseni ya watumiaji wengi, mashine huulizia leseni kwa seva kupitia mlango wa mtandao ambao kwa kawaida ni namba 9999. Pastel inategemea injini iitwayo Pervasive. Majina yanatofautiana, mpango ni mmoja.

Ukiuelewa mpango huo, ile namba kwenye kisanduku inaacha kutisha. Katika QuickBooks, H202 maana yake ni kwamba mashine yako inajua faili liko kwenye kompyuta nyingine, lakini imeshindwa kuongea na kompyuta hiyo. Haisemi kwamba hesabu zimepotea. Mara nyingi faili liko salama palepale lilipoachwa jana jioni, na kilichokatika ni njia ya kulifikia. Hili ndilo jambo la kwanza ambalo kila mhasibu angepaswa kufundishwa, kwa sababu maamuzi mabaya karibu yote niliyoyaona yalifanywa na mtu aliyeamini kwamba hesabu zimekwisha kupotea.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kwenda kwenye seva yenyewe na kulifungua faili pale. Likifunguka, kila mtu ofisini na avute pumzi: hesabu zipo, tatizo liko njiani. Lisipofunguka hata pale, hiyo ni habari nyingine, na hapo ndipo mtaalamu anapohitajika kweli, kabla ya mtu yeyote kugusa kitu.

Kama tatizo liko njiani, njia yenyewe ina vituo vinne. Cha kwanza ni waya: je, mashine hizi mbili zinaonana? Angalia taa za swichi, angalia kama kompyuta ya mhasibu haijahamia kwenye Wi-Fi ya wageni. Cha pili ni jina na anwani: je, mashine ya mhasibu inajua seva iko wapi leo, au inaitafuta ilipokuwa wiki iliyopita? Cha tatu ni ruhusa: je, folda yenye faili inafunguka kwa mkono, bila kupitia programu ya hesabu? Cha nne ni huduma: je, ile programu inayosikiliza kwenye seva imewaka, na je, faiawoli ya Windows inairuhusu kujibu? Anayeuliza maswali haya kwa mpangilio huu hupata jibu. Anayerukia la nne kabla ya la kwanza hupoteza siku.

Nilikaa katika ofisi moja ya vifaa vya ujenzi Kariakoo, asubuhi baada ya umeme kukatika usiku kucha. Mashine mbili za mauzo zilikataa kufungua hesabu. Dada wa hesabu hakupiga simu kwanza. Alikwenda kwenye seva, akafungua faili, likafunguka. Akarudi mezani kwake, akafungua lile dirisha jeusi la amri, akaandika ping na jina la seva. Majibu manne yakarudi. Akayasoma, kisha akanyanyua macho kuangalia karatasi iliyobandikwa ukutani juu ya ruta. Kwenye karatasi iliandikwa 192.168.1.10. Kwenye majibu ilikuwa 192.168.1.23. Ruta ilizimika na umeme, ilipowaka ikagawa anwani upya, na seva ikapewa nyingine. Mashine za mauzo zilikuwa bado zinabisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Akairudishia seva anwani yake ya zamani, safari hii akaifunga isibadilike tena, na wauzaji wakaendelea na kazi kabla chai haijapoa.

Sikuona uchawi wowote pale. Niliona karatasi moja ukutani na mtu aliyejua maana yake. Ofisi ya jirani yake, iliyokatikiwa na umeme uleule, ilikaa bila hesabu hadi alasiri ikimsubiri fundi aliyekuwa Mbagala kwa mteja mwingine.

Umeme ni sababu moja. Nyingine inayojirudia ni ruta mpya. Kampuni ya intaneti ikibadilisha kifaa, Windows huona mtandao mgeni na huweza kuupa hadhi ya mtandao wa umma, kana kwamba umekaa kwenye mgahawa. Kwa hadhi hiyo mashine hujificha na kukataa kushirikisha mafolda yake. Hakuna kilichoharibika, mashine inajilinda kama ilivyofundishwa, na mwenye ofisi anatakiwa kuiambia kwamba hapa ni nyumbani. Sababu ya tatu ni mashine mbili kudai useva. Kwenye QuickBooks, mtu akiruhusu mashine yake ihudumie watumiaji wengi wakati seva nayo inahudumia, zinagombania faili moja na wote wanakosa. Sababu ya nne ni programu kupandishwa toleo kwenye mashine moja na kuachwa ya zamani kwenye nyingine. Zote hizi hutatuliwa kwa utulivu, na hakuna hata moja inayohitaji kufuta chochote.

Hapa ndipo ninapofika kwenye jambo linaloniuma. Madhara makubwa niliyoyaona hayakuletwa na kosa lenyewe. Yaliletwa na dawa za haraka.

Dawa ya kwanza ni ile ya kwenye simu: "Zima antivirusi, zima faiawoli, ipe folda ruhusa ya watu wote, kisha washa upya." Mara nyingi inafanya kazi, ndiyo sababu inapendwa. Faili linafunguka, fundi analipwa, na faiawoli inabaki imezimwa miezi na miaka kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuiwasha. Tujikumbushe Mei 12, 2017. Siku hiyo virusi vilivyoitwa WannaCry vilianza kufunga mafaili ya watu na kudai fidia, vikaingia kwenye kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150. Vilipita kwenye huduma ileile ya Windows ya kushirikisha mafolda, ndiyo hiyo mashine za ofisi hutumia kufikia faili la hesabu kwenye seva. Microsoft ilikuwa imetoa marekebisho tangu Machi 14 ya mwaka huo, miezi miwili kabla. Walioumia ni wale ambao mlango wao ulikuwa wazi na kufuli halijabadilishwa. Dawa sahihi ya faiawoli inayozuia programu ya hesabu ni kuiruhusu programu hiyo peke yake na milango yake peke yake. Inachukua dakika chache zaidi ya kuzima kila kitu, na fundi anayekataa kuzitumia dakika hizo anakuachia deni utakalolipa wewe.

Dawa ya pili ni kunakili. Faili limekataa kufunguka kwa njia ya mtandao, mtu analichukua kwenye fleshi, analiweka kwenye kompyuta yake na kuendelea na kazi ili mteja asisubiri. Mwenzake naye anaendelea na lile la kwenye seva. Kufikia jioni kampuni ina hesabu mbili, kila moja na ankara ambazo nyingine haina, na namba za ankara zimegongana. Programu hizi hazina kitufe cha kuunganisha nakala mbili za kawaida zilizoachana njia. Kinachofuata ni mtu kukaa usiku na kuingiza upya muamala mmoja baada ya mwingine, akibahatisha upi umeingia wapi. Kuna wanaoliweka faili kwenye folda za kusawazisha za mtandaoni kama Dropbox wakidhani wamepona. Watu wawili wakilifanyia kazi kwa pamoja, Dropbox nayo hutoa nakala ya pili yenye mgongano, na unarudi palepale.

Dawa ya tatu ni kufuta. Mtu amesikia kwamba vile vifaili vya pembeni ndivyo vinavyoleta tatizo, basi anavifuta vyote. Cha ND ukikibadilisha jina hakuna hasara, kwa sababu huduma ya seva hukitengeneza kipya inapoikagua folda. Cha TLG ni habari nyingine kabisa. Humo mna kumbukumbu ya kazi yote iliyofanyika tangu bakapu ya mwisho, na siku faili kuu likiharibika kweli, bakapu ya zamani pamoja na kifaili hicho vinaweza kuwarudisha wataalamu hadi karibu na muamala wa mwisho. Aliyekifuta kwa haraka amekata kamba ambayo hajui kama ataihitaji.

Sheria moja ingezuia haya yote: usiguse kitu kabla hujachukua nakala. Funga programu kwenye mashine zote, nakili folda nzima ya faili la kampuni na vifaili vyake, iweke mahali pengine, andika tarehe na saa. Baada ya hapo jaribu unachotaka. Fundi anayeanza kazi bila kufanya hivyo asimamishwe, hata kama ni ndugu, hata kama ni bure.

Na nakala iwe mahali ambapo mashine haifiki yenyewe. Mfano mkubwa wa hili ulitokea kwa njia ya programu ya uhasibu. Juni 27, 2017, virusi vilivyopewa jina NotPetya vilianza kusambaa kutoka Ukraine, vikiwa vimepachikwa kwenye masasisho ya M.E.Doc, programu ambayo kampuni nyingi za huko zilitumia kwa hesabu na kodi. Vilifika hadi Maersk, kampuni ya meli inayoleta makontena katika bandari zetu. Ililazimika kusimika upya seva 4,000 na kompyuta 45,000, na hasara yake yenyewe iliikadiria kati ya dola milioni 250 na 300 za Marekani. Kilichowaokoa katika kuujenga upya mtandao wao ni seva moja iliyokuwa Ghana. Huko umeme ulikuwa umekatika kabla ya shambulio, mashine ikawa nje ya mtandao, na ile ikawa nakala pekee iliyobaki nzima kati ya seva zote za aina yake za kampuni hiyo duniani. Kampuni kubwa kiasi hicho iliokolewa na nakala ambayo haikuunganishwa na kitu. Duka la Kariakoo linaweza kufanya hivyo kwa makusudi, kwa diski ya nje inayochomolewa na kufungiwa kabatini kila Ijumaa jioni.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Leo daftari limehamia ndani ya kompyuta, lakini wenye mali wengi hawajahama nalo. Hakuna mwenye duka anayelala bila kujua ufunguo wa stoo uko kwa nani, ila wapo wengi wanaolala bila kujua nywila ya msimamizi wa hesabu zao anayo nani. Nimeona familia ikihangaika baada ya mzee wao kufariki. Biashara ilikuwa hai, wateja wanadaiwa, wauzaji wa jumla wanadai, na mahakama inataka orodha ya mali kwa ajili ya mirathi. Kompyuta ilikuwepo, faili lilikuwepo. Aliyejua kulifungua alikuwa kijana aliyeisimika programu, naye alishahama mji na kubadilisha namba ya simu. Vijana wa familia walikuwa na shahada, lakini walikaa wiki nzima wakikisia nywila ya baba yao. Deni moja moja lilikuwa likipotea kwa sababu mdaiwa alishajua kwamba hakuna wa kumwonyesha karatasi.

Serikali zimeenda kidijitali kwa kasi kuliko ofisi zetu. Tanzania ilianza kutumia mashine za risiti za kielektroniki, EFD, mwaka 2010. Kenya ilileta mfumo wa ankara za kielektroniki, eTIMS, mwaka 2023, na tangu 2024 matumizi yasiyo na ankara ya mfumo huo hayakubaliki kirahisi kupunguza kodi ya mapato. Maana yake ni kwamba mauzo yako yanaonekana kwa mamlaka ya kodi hata siku faili lako limekataa kufunguka. Lakini manunuzi, bidhaa zilizorudishwa, madeni mabaya na gharama ndogondogo za kila siku yanakaa katika hesabu zako. Siku ya mabishano, mamlaka watakuja na takwimu zao, nawe utakuja na kisanduku chenye namba H202. Sheria za usimamizi wa kodi za nchi zote mbili, zote za mwaka 2015, zinataka kumbukumbu zitunzwe kwa miaka 5. Kumbukumbu isiyofunguka haijatunzwa.

Kuna watakaosema dawa ni kuachana na programu za mezani na kuhamia mtandaoni, ambako hakuna seva ya chini ya meza wala faili la kutafuta. Hoja hiyo ina uzito. Intuit, wenye QuickBooks, waliacha kuwauzia wateja wapya wa Marekani matoleo ya mezani ya Pro na Premier baada ya Septemba 30, 2024, na upepo unavuma upande huo. Lakini Mei 12, 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ya Tanzania, Kenya na majirani ikadhoofika kwa siku kadhaa. Ofisi zenye hesabu kwenye mtandao wa ndani ziliendelea kuandika ankara. Kila njia ina siku yake mbaya.

Kubwa zaidi, kuhamia mtandaoni hakujibu swali la umiliki. Nimekuta kampuni ambazo akaunti yao ya hesabu za mtandaoni imesajiliwa kwa barua pepe binafsi ya fundi au ya mhasibu aliyeacha kazi. Anayemiliki barua pepe hiyo ndiye anayeweza kubadilisha nywila, kuongeza watu na kufunga akaunti. Pale mwanzo hukujua faili liko mashine ipi; sasa hujui akaunti iko kwa jina la nani. Ni ugonjwa uleule, umehamia hospitali nyingine.

Nataka pia kumtetea mhasibu, ambaye mara nyingi ni binti anayelipwa kidogo na kulaumiwa kwa mengi. Mfumo ukigoma, yeye ndiye anayefokewa. Hakununua kompyuta, hakuchagua ruta, hakupewa nywila ya msimamizi kwa sababu "si wa kuaminiwa sana", na yupiesi ya seva alipoiomba aliambiwa isubiri mwaka ujao. Kisha anaulizwa kwa nini ritani imechelewa. Huwezi kumnyima mtu ufunguo na kumdai mlango. Mpe elimu ya vile vituo vinne, mpe mamlaka ya kukataa dawa za haraka, mpe bajeti ndogo ya waya mzuri, yupiesi na diski ya nje. Gharama ya vitu hivyo vitatu haifiki hasara ya wiki moja ya hesabu zilizopotea.

Vyuo na bodi zetu za uhasibu vina sehemu yao. Vyuo vya IFM na CBE, na bodi za NBAA Tanzania na KASNEB Kenya, wamejenga kizazi cha watu wanaojua mizania na viwango vya kimataifa vya taarifa za fedha. Naomba wapime kila mhitimu kwa jambo moja la ziada: akalishwe mbele ya mashine ambayo imepoteza njia ya faili, aambiwe aitafute kwa mpangilio, na apewe alama sifuri akianza kabla ya kuchukua nakala. Mtihani huo utachukua nusu saa. Mhasibu anayeweza kueleza uchakavu wa mitambo kwa njia tatu lakini hajui folda ya hesabu zake iko wapi amefundishwa nusu ya kazi.

Mafundi nao wana wajibu. Wengi ni vijana wenye akili na bidii, wanaokimbia mji mzima na kulipwa kwa mafungu. Ninachowaomba ni maandishi. Kila unapomaliza kazi, acha karatasi moja: umekuta nini, umebadilisha nini, nakala uliyochukua iko wapi. Fundi anayeacha karatasi hapotezi mteja. Mteja humwita tena kwa kazi kubwa zaidi kwa sababu anaelewa anacholipia. Anayeficha maarifa ili aendelee kuitwa anajenga riziki yake juu ya ujinga wa mwenzake, na riziki hiyo hukatika siku mwenzake anapoelimika.

Kwa mwenye biashara ombi langu ni dogo, na linafanyika wiki hii, mbali na presha ya ritani. Mwite mhasibu wako na mtu mwingine mmoja unayemwamini, mkae mbele ya seva. Muulizane mashine hii inaitwaje na anwani yake ni ipi, faili liko kwenye folda gani, nywila ya msimamizi imehifadhiwa wapi, na bakapu ya mwisho ni ya lini. Kisha ifungueni hiyo bakapu kwenye kompyuta nyingine, maana bakapu ambayo haijawahi kujaribiwa ni tumaini tu. Andikeni majibu kwenye karatasi mbili. Moja yenye jina na anwani ibandikwe ukutani, nyingine yenye nywila ifungiwe mahali penye hati ya kiwanja na leseni ya biashara. Mkikwama kwenye swali lolote, mmekwisha kulipata kosa, tena mmelipata siku ambayo bado mna muda wa kulirekebisha na hamjalazimika kumkabidhi mtu yeyote hesabu zenu ili azifungue.